Sindano ya Kideri

Huku kwetu juu ya Ihururu, mtu akivaa koti jeupe siku tatu mfululizo ataitwa Daktari hadi siku ya kuzikwa kwake. Muriithi alikuwa amelivaa miaka kumi na moja. Cheti chake kilikuwa cha usaidizi wa afya ya mifugo, kozi ya miaka miwili, na kilisema hivyo kwa herufi kubwa. Lakini alikuwa amekitundika chumbani kwake, si sebuleni, na ni mgeni gani anayeingia chumbani kwa mtu kusoma ukuta? Alizalisha ng'ombe, alichanja kuku, alitibu kwato za kondoo, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ghala la josho tangu serikali ilipoacha kuleta dawa ya kupe ikawaachia wakulima wajipange wenyewe. Hilo jina la Daktari alikuwa amelizoea. Tuseme ukweli, alikuwa amelipenda.

Basi asubuhi moja ya Julai, mwaka wa tisini na tano, katika ile baridi ya mawingu yanayokaa wiki nzima bila kunyesha wala kuondoka, alisikia mtu akikohoa langoni. Akatoka na kikombe cha chai mkononi, akamkuta mama mkwe wake.

Sasa, anayejua mila zetu hahitaji kuelezwa. Mama mkwe haji kwa mkwewe hivi hivi, bila kutuma neno, bila kuandamana na wenzake. Watu hao wawili huonana kwa heshima na kwa umbali, hawagombani, hawaulizani maswali ya ndani, na hata wakisalimiana macho yako chini. Watiri alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mtu wa kanisa, na ua ule hakuwahi kuukanyaga ila siku za kuwaona wajukuu wachanga. Leo alikuwa amesimama hapo peke yake, viatu vimelowa umande, amekumbatia kiondo alichokifunika kwa leso.

"Nisamehe, Daktari," akasema huku akiangalia kando. "Najua si vizuri kuja hivi. Lakini askari wangu anakufa."

Akaifunua leso. Ndani ya kiondo alikuwamo kipanga.

Kipanga huyo alijulikana kijiji kizima. Mgongo mweusi, kifua cheupe, mkia mwekundu wa rangi ya tofali. Alikuwa na mlingoti wake, ule wa pembeni mwa shamba la viazi la Watiri, na hapo ndipo aliposhinda akingoja fuko watoe pua udongoni. Majirani waliwahi kutaka kumpiga mawe kwa sababu ya vifaranga vyao. Watiri akawazuia kwa fimbo. Mwewe ndiye mwizi, aliwaambia, huyu wangu ni askari, hali kuku, anakula wale wanaokula viazi vyangu.

Muriithi akamchukua yule ndege, akamlaza juu ya meza katika kibanda alichokuwa akiweka dawa. Hakuwa amewahi kumtibu ndege wa porini, lakini mwili ni mwili, akaanza kama anavyoanza siku zote, kwa kutazama kabla ya kugusa. Kucha zilikuwa zimekunjwa zikawa ngumi, na alipojaribu kuzikunjua hazikukubali. Mate yalichuruzika mdomoni bila kukoma. Misuli ya kifua ilitetemeka yenyewe. Kinyesi kilikuwa maji ya kijani, kimetapakaa kwenye kiondo. Akaweka sikio. Moyo wa ndege hukimbia mbio hata huwezi kuuhesabu, lakini huu aliuhesabu bila haraka.

Kisha kipanga akajikaza, akatapika kipande cha fuko, manyoya na nyama, na harufu ikapanda.

Harufu hiyo Muriithi aliijua kama anavyoijua sauti ya mke wake. Ilikuwa ya dawa ya josho. Damu ikamkimbia usoni, kisha ikarudi yote kwa pamoja, na masikio yakawaka moto.

Maana ni yeye aliyeitia.

Mambo yalikuwa hivi. Majuma matatu kabla ya siku hiyo, wakiwa kwenye chakula cha arusi ya binamu, Watiri alilalamika mbele za watu kwamba fuko wanamaliza viazi, na kwamba atamwita Ndungu, mtegaji, aje na kamba zake na vijiti vyake vya kupinda. Muriithi alikuwa ameshiba, amesifiwa sifiwa. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama, hao fuko niachie mimi." Ndungu, aliyekuwa meza ya pili, akacheka kidogo na kuendelea na nyama yake. Kile kicheko kilimuuma Muriithi. Mitego ya kamba, fuko mmoja leo, wawili kesho, hayo aliyaona mambo ya babu. Yeye alikuwa mtu wa sayansi. Akakata viazi vitamu vipande thelathini na viwili, akavilowesha usiku kucha katika dawa kali ya josho, ile isiyochanganywa na maji, ambayo kwenye mkebe wake pamechorwa fuvu la kichwa, na alfajiri Watiri akiwa kwenye maombi akavisukumiza ndani ya njia za fuko. Baada ya siku nne shamba lilitulia. Watiri hakuuliza imekuwaje. Mkwe haulizwi. Na yeye hakusema, kwa sababu mkwe akisifiwa hunyamaza, eti ndiyo adabu.

"Ni nini, Daktari?" Watiri akauliza kutoka mlangoni. Hakuwa ameingia.

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Neno moja tu, sumu, na mengine yangefuata yenyewe. Lakini sumu ya wapi? Ya josho. Na ghala la josho lina ufunguo mmoja. Na ni nani anayeweza kumwambia mama wa mkewe, Mama, nimetia sumu katika udongo unamochimba chakula chako?

"Ni kideri," akasema.

"Kideri cha kuku?"

"Hicho hicho. Huwapata hata hawa."

Watiri akashika mashavu. Muriithi akageuka haraka, akafungua sanduku, akatoa kichupa cha kifuniko cha kijani. Ilikuwa atropini, dawa ya kuikata sumu ile, iliyobaki tangu ndama wa mtu alipokunywa maji ya josho mwaka uliotangulia. Ilikuwa imebaki kama theluthi. Akampima ndege kwenye mizani ya jikoni, akapiga hesabu mara mbili, akamchoma sindano kifuani. Hakukosea hata tone. Akamwosha mdomo, akamfuta mate, akamweka kwenye boksi lenye gunia karibu na jiko la makaa. Adhuhuri akamchoma tena, na jioni tena, na mate yakaanza kukauka. Watiri alishinda nje kwenye kigoda, akakataa kuingia, akakataa hata chai, midomo ikimchezacheza kwa maombi.

Siku ya pili kucha zilikunjuka. Ya tatu, kipanga akasimama akaitazama nyama kwa dharau, kisha akaila. Ya tano wakampeleka shambani, Watiri akafungua boksi kwa mkono wake, na ndege akaruka, chini chini kwanza, halafu akapanda hadi kwenye mlingoti wake.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya. Ugonjwa aliujua, dawa aliitoa kwa kipimo, mgonjwa akapona. Kilichokuwa uongo ni neno moja tu. Alijiambia hivyo njiani akirudi nyumbani, na hata yeye mwenyewe hakujiamini, kwa sababu vipande vyake vya viazi vilikuwa bado udongoni. Kila kipande kilichobaki kilimngoja fuko, na kila fuko alingojwa na kipanga.

Alfajiri iliyofuata akaenda na jembe kuvitoa. Alikuwa amefikisha tisa aliposikia nyuma yake, "Daktari, umekuja kunilimia?" Watiri alikuwa na furaha, na mkononi alibeba uji wa kumpelekea mgonjwa fulani. Muriithi akasema alikuwa akiangalia kama viazi vina ugonjwa. Akavisukuma vile tisa ndani ya mfuko wa koti, akaondoka na jembe lake begani. Angerudi kesho. Kesho akakuta akina mama wa kanisa wako pale wakipalilia. Keshokutwa ikawa Jumapili.

Na Jumapili hiyo Watiri akasimama kutoa ushuhuda.

Watiri hakuwa mtu wa kusimama simama. Katika miaka yote ya ujane wake alikuwa amesimama mara mbili, na zote mbili alilia akaketi. Safari hii hakulia. Alisema Mungu ametupa mtu hapa kijijini, na kwamba kideri, kile kinachofagia kuku wetu kila mwaka, sasa kimepata dawa, amekiona kwa macho yake kikitoka ndani ya ndege kwa sindano tatu. Kanisa likapiga makofi. Mzee Kahiga, aliyeongoza ibada, akamwomba Daktari ainuke aonekane. Muriithi akainuka nusu, akaketi. Mkewe Tabby akampapasa goti kwa fahari. Goti lilikuwa baridi.

Ukiyavulia maji nguo, sharti uyaoge. Jumatatu saa moja asubuhi mke wa Mzee Kahiga alikuwa langoni na kuku wawili, mmoja shingo imepinda nyuma, mwingine anahema kwa mdomo. Hicho ndicho kilichokuwa kideri chenyewe, cha kweli, hata mtoto angekijua. Muriithi alikuwa amezunguka vijiji miaka kumi na moja akihubiri jambo moja: kideri hakina dawa, chanjeni kabla hakijaingia. Akafungua mdomo aliseme.

"Mama, unajua kideri kikishaingia nyumbani..."

"Najua, ndiyo nimekuja haraka," mama akasema. "Ile ya kifuniko cha kijani, Daktari. Watiri ametuambia."

Akawachoma. Angefanyaje? Angekataa, angeulizwa kwa nini ndege wa porini apone na kuku wa mzee wa kanisa afe. Nyuma ya mama huyo wakaja wengine, wa kutoka Ihururu, mpaka mtu mmoja wa Skuta aliyekuwa amekuja kumsalimu dada yake akarudi siku ya pili amebeba jogoo wake. Jumatano jioni atropini ikaisha.

Angeweza kusema imeisha. Ndivyo alivyopanga. Lakini Alhamisi asubuhi, alipoona watu wanne wameketi kwenye nyasi na kuku zao mapajani, alirudi ndani, akachemsha maji, akayapoza, akajaza kichupa hadi shingoni. Mkono haukumtetemeka. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, kwamba haukutetemeka.

Katika kuku ishirini na kitu, wawili walipona, kama ambavyo wawili wangepona bila kuguswa. Wawili hao walizungumzwa hadi Karatina sokoni. Waliokufa waliliwa kimya kimya. Na wenye kuku wazima, waliokuwa wamezoea kununua chanjo mwezi huo, mwaka huo hawakununua. Ya nini, na sindano ipo?

Ijumaa akaja Ndungu mtegaji. Alikuwa mtu mfupi, wa maneno machache, kamba zake zimezungushwa begani, na hakuwa na kuku. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa bila kukaribishwa.

"Fuko hafi juani," akasema.

Muriithi alikuwa akiosha sindano. Akaendelea kuiosha.

"Miaka thelathini natega. Fuko akiugua hujizika mwenyewe, huwezi kumwona. Lakini kwa Watiri nimeokota wawili juu ya udongo, meno nje, mchana kweupe."

"Umewatupa wapi?"

"Nimewazika. Niko na mbwa, na mbwa hana akili." Ndungu akamtazama vile mtu anavyoutazama mtego wa mwenzake. "Mimi ni mtu wa kamba, Daktari. Mambo ya chupa siyajui. Wala sina mdomo wa kuongea mambo ya nyumba ya mtu. Lakini nikikuona unachimba pale usiku, sitakuuliza."

Akaondoka. Kidogo Muriithi amkimbilie, amwombe waende wote wawili saa hiyo hiyo na jembe. Lakini kumwomba ni kukiri, na kukiri kwa Ndungu, yule aliyecheka arusini! Akasema ataenda mwenyewe Jumatatu, Watiri akiwa sokoni. Aibu ina tabia ya kupanga mambo ya Jumatatu.

Jumamosi, jua likiwa limechomoza kidogo baada ya siku nyingi, Watiri alikuja mbio. Safari hii hakukohoa langoni, na kiondo hakukifunika. Alipita moja kwa moja hadi ndani ya kibanda, mahali asipowahi kukanyaga, akamweka kipanga mezani.

"Kimerudi, Daktari. Kideri kimerudi."

Kucha zilikuwa ngumi. Mate yalikuwa povu. Mdomoni mwake bado palikuwa na unyoya wa fuko, na alikuwa akivuta pumzi moja, unangoja, kisha nyingine. Muriithi alijua kila kitu cha kufanya. Alijua dawa, alijua kipimo, alijua kwamba muda ulikuwapo, robo saa pengine, na kwamba kutoka hapo hadi Nyeri mjini inakouzwa dawa hiyo na kurudi ni mwendo wa saa mbili ukibahatika.

"Ile sindano," Watiri akasema. Akanyoosha kidole kwenye kichupa rafuni. "Si hii hapa, imejaa."

Kweli ilikuwa imejaa. Alisimama akiitazama. Kisha mkono wake ukaenda ukaichukua, ukavuta maji, ukapima kwa makini, ukampiga ndege sindano ya maji kifuani, na kidole gumba kikapasugua mahali pale kama inavyotakiwa. Watiri alikuwa akisema asante, asante Baba, haikujulikana anamwambia Mungu au anamwambia mkwewe.

Kipanga alikufa akiwa katikati ya mikono yao. Alijinyoosha, mkia mwekundu ukafunguka wote, halafu akalegea.

 Watiri akamfunika kwa leso, akafuta macho kwa kiganja, na akafanya jambo ambalo badala yake Muriithi angependelea kofi. Alimshukuru.

"Umejaribu, Daktari. Kazi ya Mungu haina makosa. Mtu mwingine hata asingefungua mlango kwa ajili ya ndege."

"Mama," Muriithi akasema.

"Usijilaumu."

"Mama, haya ni maji."

Hakuelewa. Alimtazama akitabasamu kwa huzuni, akingoja amalizie. Basi akamalizia. Alianza na kichupa, akarudi nyuma kwa kuku, akarudi kwa ile asubuhi ya kwanza, harufu, kideri ambacho hakikuwa kideri, vipande thelathini na viwili, ghala, ufunguo. Aliongea huku ameitazama meza. Neno sumu alilisema mara mbili, na mara ya pili lilitoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho, na alikuwa anaona aibu hata ya mikono yake, hajui aiweke wapi.

Mama mkwe hamtukani mkwe. Hata kama angetaka, mdomo haukufundishwa. Watiri akaikunja ncha ya leso juu ya ndege.

"Bado vingapi udongoni?" akauliza.

"Sijui. Tisa nilivitoa. Vingine vimeliwa."

"Nilichimba viazi vya kupika jana," akasema, kama anayejikumbusha. "Tulikula na wajukuu." Muriithi akainua macho kutoka mezani. "Wako wazima, nimewaacha wanacheza. Twende."

Walichimba mchana wote. Watiri mwenyewe alimwita Ndungu, akamwambia tu kwamba kuna vitu vya kutolewa kwenye njia za fuko, na Ndungu hakuuliza ni vitu gani. Alitembea mbele akikanyaga udongo kwa kisigino, anasema hapa, na hapa, na Muriithi anachimba. Walipata kumi na viwili. Vingine vilikuwa vimeota ukungu, kimoja kilikuwa kimechipua, kina jani dogo jekundu. Wakavichoma na mizoga mitatu ya fuko, wakamzika na kipanga kando, shimo refu, ili mbwa wasimfukue. Katika muda huo wote Watiri hakumwambia mkwewe neno, ila alipokuwa akinawa mikono.

"Nilisimama kanisani," akasema. "Nikasema kwa kinywa changu."

"Nitamwambia Mzee Kahiga, Mama. Nitamwona kando, nimweleze."

Watiri akakung'uta maji mikononi, akaenda zake.

Usiku ule Muriithi alimweleza Tabby. Tabby alilia kwanza kwa ajili ya mama yake, kisha kwa hasira, kisha akauliza, "Na kesho je?" Muriithi akasema atamwona mzee baada ya ibada. Au Jumatatu. Jambo kama hilo halitaki haraka, linataka kupangwa. Tabby akageukia ukutani.

Kesho yake kanisa lilijaa. Wanaume upande wao, akina mama upande wao, ila wachache wanaoketi na wake zao nyuma, na Muriithi alikuwa mmoja wao. Ulipofika wakati wa ushuhuda, kabla Mzee Kahiga hajamaliza kuuliza, Watiri alikuwa ameshasimama.

"Jumapili iliyopita nilisimama hapa nikasema kideri kimepata dawa," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakainama mbele kumsikia. "Si kweli. Kideri hakina dawa. Nilisema jambo nisilolijua, na nikalisema mbele ya Mungu. Yule ndege hakuwa na kideri. Mimi ndiye niliyewaambia. Walioacha kuchanja kuku zao kwa sababu yangu, wachanje. Na waliopoteza kuku, naomba wanisamehe."

 Kisha mke wa Mzee Kahiga akasema kutoka mahali pake, si kwa ubaya, "Lakini Mama Watiri, sisi si tuliona sindano?"

"Mliona sindano. Maneno yalikuwa yangu."

Mtu akacheka chini chini karibu na dirisha. Mwingine akanong'ona, ati ni uzee, akapata wa kuitikia. Watiri alikuwa hajawahi kuchekwa katika kanisa lile, mahali alipobatiziwa watoto wake na kumzikia mumewe. Alisimama akayapokea, mikono imeshikana mbele ya tumbo, na wala hakuangalia upande wa mkwewe. Jina lake hakulitaja. Alikuwa ameyabeba yote, ya uongo na ya kuku na ya maji, akajitwika yeye, kwa sababu mama mkwe hamwaibishi mkwe mbele za watu. Kisha akaketi.

Muriithi alihisi uso wake unawaka hadi shingoni. Miguu ikainuka kabla hajaiambia. Alisimama, mdomo wazi, na wakati huo huo Mzee Kahiga, aliyetaka kulipitisha haraka jambo lile la aibu, akataja namba ya wimbo. Kanisa zima likasimama. Hakuna aliyejua kwamba yeye alikuwa amesimama kwa sababu nyingine.

Wimbo ulikuwa na beti nne. Katika ubeti wa kwanza alimshukuru Mungu kwa kumwokoa. Wa pili, akaona haya kwa shukrani hiyo. Wa tatu hakuimba, alitazama kitambaa cheupe kichwani mwa Watiri, safu saba mbele, akaona kwamba nacho hakiimbi. Wa nne ukaisha, watu wakaketi kwa ile kelele ya viti na kukohoa, na Tabby akaketi, na wa mbele yake, na wa nyuma yake.

Yeye hakuketi.

Tabby akamvuta ncha ya koti. Vichwa vikaanza kugeuka. Mzee Kahiga akamwangalia juu ya miwani yake.

"Daktari, una neno?"

Safu saba mbele, Watiri aligeuka naye. Akamtazama mkwewe moja kwa moja machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku aliyokuja kumposa bintiye, na akatikisa kichwa polepole. Alikuwa akimwomba aache, kwa kuwa yeye alishamaliza.

"Ninalo," Muriithi akasema.